Kitabu cha Siku za Dhiki: Namna ya Kukichagua na Kukisoma

Dhiki ina tabia ya kumnyima mtu uwezo wa kukaa na jambo moja kwa muda mrefu. Aliyepokea barua ya kuachishwa kazi, anayemuuguza mzazi hospitalini, anayesubiri majibu ya vipimo au aliyetoka kuzika juzi anaweza kupitisha macho kwenye ukurasa mmoja mara kadhaa na bado asiweze kueleza umezungumzia nini. Kwa hiyo ushauri wa jumla unaosema "soma vitabu, vitakuliwaza" haumfai sana mtu wa namna hiyo, na mara nyingi humwongezea jambo jingine la kujiona ameshindwa. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya msomaji aliye katika hali hiyo hasa, ambaye akili yake imechoka, mfuko wake ni mwepesi na muda wake unagawanywa na watu wengine. Msimamo wake ni kwamba kitabu hufariji pale kinapoikiri dhiki kwa uaminifu, na ndiyo sababu vitabu vingi vinavyouzwa kwa jina la faraja humwacha msomaji na upweke mkubwa kuliko ule aliokuwa nao kabla ya kuvifungua.

Msomaji wa Kiswahili ana bahati katika jambo hili, kwa kuwa sehemu kubwa ya maandishi tunayoyaheshimu ilitungwa na watu waliokuwa ndani ya shida yenyewe: mama mgonjwa aliyemwita binti yake kumwachia maneno, mume aliyefiwa na mkewe, mfungwa aliyenyimwa karatasi ya kuandikia. Wengi wetu tuliyasoma shuleni kwa ajili ya mtihani, tukahesabu mizani na kutaja tamathali za usemi, kisha tukayafunga. Umri na mashaka huyafungua upya.

Tambua kwanza ni mzigo wa aina gani

Kabla ya kuchagua kitabu, jiulize kinachokulemea ni nini, na ujijibu kwa neno moja: woga, huzuni, uchovu, aibu au upweke. Maneno hayo matano hayamalizi hali zote za binadamu, lakini yanatosha kwa kazi ya kuchagua, kwa sababu kila hali inataka usomaji wa namna yake, na kitabu kinachomfaa mtu mmoja kinaweza kumwumiza mwenzake anayeketi benchi lilelile.

Mwenye woga, hasa woga wa kusubiri, hana haja ya hekima nzito. Akili yake inazunguka swali ambalo halina jibu leo, na kinachomsaidia ni kupewa swali jingine ambalo jibu lake limo ndani ya kurasa mia mbili zijazo na halina budi kupatikana. Hii ndiyo kazi ya riwaya ya upelelezi, na katika Kiswahili hakuna anayeifanya kwa uungwana zaidi kuliko Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, ambaye riwaya yake ya kwanza ya mpelelezi Bwana Msa, Mzimu wa Watu wa Kale, ilichapishwa mwaka 1960 na kufuatiwa na nyingine kama Kisima cha Giningi na Siri ya Sifuri. Bwana Msa hana haraka. Anavuta kiko chake, anasikiliza, anapima maneno ya watu, na mwishowe fujo yote inapangika mbele ya macho ya msomaji. Mtu anayesubiri simu ya daktari akiwa na riwaya ya aina hii mkononi hatakuwa ameondolewa hofu, lakini atakuwa amepata saa moja ambayo hofu haikuwa peke yake kichwani mwake, na saa moja ya namna hiyo si haba.

Mwenye huzuni, kwa upande mwingine, asipewe kitabu cha kumchekesha. Aliyefiwa anaposhurutishwa kucheka huhisi kwamba marehemu wake anasahauliwa upesi. Mpe maombolezo. Shaaban Robert alipofiwa na mkewe Amina aliandika shairi linaloitwa kwa jina la mke huyo, na limo ndani ya kitabu cha habari za maisha yake, Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini, pamoja na tenzi mbili za mawaidha alizowaandikia watoto wake waliobaki bila mama. Ukikisoma kitabu hicho kwa utaratibu utaona jambo ambalo shairi likitolewa peke yake katika kitabu cha shule halionyeshi: kwamba aliyeomboleza vile alikuwa pia mtumishi mwenye mshahara mdogo, watoto wa kulea na kazi ya kwenda kesho yake asubuhi. Huzuni yake haikusubiri maisha yatulie. Kwa mfiwa anayeshangaa jinsi gani dunia inaendelea kudai kodi ya nyumba, ukweli huo una uzito kuliko risala yoyote ya rambirambi.

Uchovu ni jambo jepesi kulishughulikia. Aliyechoka asome vifupi: hekaya za Abunuwasi, hadithi za Alfu Lela Ulela, ngano alizosimuliwa utotoni, hata vitabu vya watoto wake mwenyewe. Hakuna aibu ndani yake. Hadithi ya kurasa tatu inayokwisha kabla ya usingizi ina faida ambayo riwaya nzito haina, nayo ni kwamba inakwisha.

Aibu inahitaji maelezo zaidi, kwa kuwa watu hawaitaji mara nyingi. Deni lisilolipika, kufukuzwa kazi, ndoa iliyovunjika mbele ya majirani, au kusingiziwa jambo ambalo hukulifanya, yote humfanya mtu ajione amepungua utu, na kitabu kinachomfaa ni kile kilichoandikwa au kusomwa na mtu aliyejaribiwa kupunguzwa utu akakataa. Abdilatif Abdalla alifungwa nchini Kenya mwaka 1969 kwa sababu ya waraka wake uliouliza Kenya ilikuwa inaelekea wapi, na akakaa gerezani hadi mwaka 1972, sehemu kubwa ya muda huo akiwa amefungiwa peke yake. Mashairi aliyoyaandika humo kwa siri kwenye karatasi za chooni yalichapishwa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Lifungue shairi la "Siwati". Lahaja yake ni ya Kimvita, na msomaji wa bara atakutana na maneno asiyoyajua; asisimame kila neno kutafuta kamusi, bali asome hadi mwisho kwanza, kwa sababu msimamo wa mwenye kusema unasikika hata pale ambapo neno moja moja halijulikani. Anayependelea riwaya anaweza kuchukua Haini ya Adam Shafi, inayosimulia maisha ya kizuizini Zanzibar baada ya kuuawa kwa Rais Karume mwaka 1972, ingawa ningemshauri asiisome usiku.

Katika kisiwa cha Robben, Afrika Kusini, mfungwa aliyeitwa Sonny Venkatrathnam alikuwa na juzuu moja yenye kazi zote za Shakespeare, ambayo aliifunika kwa kadi za sikukuu ya Diwali ili walinzi waichukulie kuwa kitabu cha dini. Aliipitisha kwa wafungwa wenzake, na kila mmoja akatia saini pembeni mwa maneno yaliyomgusa. Nelson Mandela alitia yake tarehe 16 Desemba 1977, katika tamthilia ya Julius Caesar, kwenye maneno ambayo Kaizari anasema kwamba mwoga hufa mara nyingi kabla ya kifo chake. Msomaji wa Kiswahili anaweza kuyasoma maneno hayohayo katika tafsiri ya Mwalimu Julius Nyerere, iliyotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1963. Ninalitaja tukio hili kwa sababu ya funzo la kiutendaji lililomo: wafungwa wale hawakuhitaji kitabu kuhusu magereza. Walitafuta, ndani ya kitabu kimoja kilichopatikana, mistari michache ya kuegemea, kila mtu yake. Hivyo ndivyo inavyopasa kusoma ukiwa na kitabu kimoja tu nyumbani.

Ama upweke, hususan wa aliye mbali na kwao, hutulizwa na vitabu vyenye majina ya mahali. Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka mwaka 1996, inamfuata kijana kutoka Tanga hadi Kitale akimtafuta baba yake, na wengi walioisoma wakiwa wanafunzi hukumbuka mpaka leo walikuwa wameketi wapi walipoimaliza. Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, inafaa pia kwa aliye ughaibuni, lakini kwa sababu tofauti: inamwonyesha msomaji kwamba hata nyumbani mtu anaweza kuwa mgeni, jambo ambalo, kwa namna ya ajabu, humpunguzia aliye mbali uchungu wa kuwa mbali.

Rudia kabla ya kuanza kipya

Kama huna nguvu ya kuchagua chochote, chukua kitabu ambacho umekwisha kukisoma ukakipenda. Kitabu kipya kinadai mambo mengi kwa wakati mmoja: majina ya wahusika, mahali, lugha ya mwandishi, na subira ya kutojua kitakachotokea. Mtu aliyezidiwa na kutojua katika maisha yake mwenyewe hana sababu ya kujitafutia kutojua kwingine. Kitabu kilichosomwa zamani hakimdai hayo. Kinampokea pale alipo, kinamruhusu kuanzia katikati, na kikianguka mikononi usingizi unapomchukua hakuna kilichopotea.

Kurudia kuna faida ya pili. Kitabu hakibadiliki, lakini aliyekisoma akiwa na miaka kumi na saba na kukirudia akiwa na arobaini huona wazi umbali aliotembea, na humo ndani hukumbuka mashaka ya wakati ule ambayo aliyaona hayana mwisho na sasa hayakumbuki vizuri. Matumaini ya aina hii yana msingi imara kuliko ahadi za mwandishi yeyote, kwa kuwa ushahidi wake ni maisha ya msomaji mwenyewe.

Soma kwa sauti, na kama inawezekana, msomee mtu

Hapa ningependa kukaa kidogo, kwa sababu kusoma kwa sauti ndiko kunakosaidia zaidi na ndiko tulikokuacha haraka zaidi. Macho yanayosoma kimyakimya huweza kuteleza juu ya maneno huku moyo ukiendelea na mashaka yake. Sauti haiwezi. Inabidi pumzi ipangwe, ulimi utamke, sikio lisikie, na viungo vyote hivyo vinapokuwa kazini nafasi ya mashaka hupungua.

Mashairi ya Kiswahili yanafaa kwa kazi hii kuliko maandishi mengine yoyote. Utenzi una mishororo mifupi ya mizani minane, mitatu ya kwanza ikiishia kwa kina kimoja na wa nne ukibeba kina cha bahari kinachorudi mwishoni mwa kila ubeti hadi utungo unapokwisha. Ukisoma kwa utulivu, mshororo mmoja au miwili hutosha pumzi moja, na kina cha bahari hukurudisha mahali palepale kila baada ya muda mfupi, kiasi kwamba baada ya beti ishirini mwili umeshatulia kabla ya akili kukubali kutulia. Shairi la mizani kumi na sita linahitaji pumzi ndefu zaidi, kwa hiyo anayeanza na aanze na utenzi.

Utenzi ninaoupendekeza kwanza ni ule wa Mwana Kupona binti Mshamu, mzaliwa wa Pate, uliotungwa mwaka 1858. Wengi huukumbuka kama mawaidha ya ndoa, na mawaidha hayo kwa kweli yana mambo ambayo msomaji wa leo atabishana nayo. Lakini soma mwanzo na mwisho wake. Mwanzoni mama anaeleza kwamba maradhi yamemshika mwaka mzima na kwamba hajapata nafasi ya kusema na binti yake, kisha anamwita akae karibu na wino na karatasi. Mwishoni anaacha mawaidha na kuingia katika dua ndefu, akimwomba Mungu amponye na awatunze watoto na jamaa zake. Ndani ya utungo mmoja yamo mambo mawili ambayo mgonjwa huyahitaji pamoja na ambayo jamaa huogopa kuyaruhusu yakae pamoja: kuaga na kuomba kupona. Anayemuuguza mgonjwa wa muda mrefu atautambua mchanganyiko huo mara moja.

Ukimsomea mgonjwa, chagua sehemu ya dakika kumi, si zaidi, na usome polepole kuliko unavyodhani inafaa. Keti upande ambao anaweza kukuona bila kugeuza shingo. Usimwulize kila mara kama anafuata. Akifumba macho, endelea kwa sauti ileile hadi mwisho wa ubeti au aya, kisha nyamaza bila kutangaza kwamba umemaliza. Katika wodi yenye vitanda vingi, omba ruhusa ya muuguzi na usome kwa sauti ya chini. Mara nyingi wagonjwa wa vitanda vya jirani huanza kusikiliza, na si ajabu mmoja akakuomba kesho uongeze sauti.

Vitabu vya dini

Kwa wasomaji wengi wa pwani na bara, kitabu cha kwanza kinachofikiwa wakati wa shida ni Kurani au Biblia, na mwongozo unaopita kimya juu ya hilo ungekuwa unajidanganya. La kuongeza ni la namna ya kusoma. Wenye shida huwa wanatumiwa aya mojamoja kwenye simu, zikiwa zimekatwa kutoka mahali pake, na aya iliyokatwa hivyo inaweza kusikika kama amri ya kuacha kulia. Afadhali kusoma sura nzima. Sura ya Yusuf, ambayo ni ya 12, husimulia mtu mmoja tangu kutupwa kisimani na ndugu zake hadi kukutana nao tena, na katikati yake Yakubu, ambaye ni nabii, analia mpaka macho yake yanakuwa meupe kwa huzuni. Subira aliyoitaja yeye mwenyewe mwanzoni mwa kisa haikumkataza machozi. Katika Zaburi, wengi huenda moja kwa moja kwenye ile ya 23, na hakuna ubaya, lakini kuna siku ambazo msomaji hawezi kutamka kwamba hatapungukiwa na kitu. Siku hizo asome ya 88, ambayo inaanza kwa kilio na kuishia gizani bila suluhisho lolote. Kwamba waliokusanya Zaburi waliiacha humo bila kuirekebisha ni ruhusa ya kutosha kwa mwenye kuomba akiwa hana tumaini.

Desturi ya kukusanya visa vya faraja kwa ajili ya walio taabuni ni ya kale sana. Katika karne ya 10 kadhi mmoja wa Iraki, al-Muhassin al-Tanukhi, alikusanya kitabu kikubwa cha visa vya watu waliofikwa na shida kisha wakafunguliwa, na akaeleza kwamba vitabu vya namna hiyo vilivyomtangulia vilimliwaza yeye mwenyewe alipokuwa katika mashaka. Wafungwa, wadaiwa, wasafiri waliopotea na wapenzi waliotenganishwa wote wamo humo. Alijua, bila kuhitaji kuthibitishiwa na mtu, kwamba mwenye dhiki hataki kuelezwa nadharia ya dhiki, na kwamba anapenda kusikia kilichompata fulani.

Vya kuahirisha

Kipo kitabu kizuri ambacho hakifai sasa. Kichwamaji na Rosa Mistika za Euphrase Kezilahabi ni miongoni mwa riwaya bora kabisa za Kiswahili, na zote mbili zinaishia kwa mhusika mkuu kujiua. Mwenye afya ya moyo atajifunza mengi kwazo. Aliyekwisha kufikiria kwamba maisha yake hayana maana aziweke juu ya kabati mpaka apate nafuu. Kuahirisha kitabu si kukidharau. Kwa jumla, kama hujui riwaya inaishaje na hali yako ni mbaya, mwulize aliyeisoma, wala usijali kwamba utaharibiwa utamu.

Kundi la pili la kuahirisha, na pengine la kuacha kabisa, ni vitabu vya hamasa na mafanikio vinavyopangwa mbele kabisa katika maduka mengi na kwenye vituo vya mabasi. Vingi vimejengwa juu ya dhana kwamba aliyeshindwa hakutaka vya kutosha. Mtu ambaye kiwanda chake kimefungwa, au ambaye mvua imemsombea shamba, hakushindwa kwa sababu ya fikra zake, na kumwambia abadili fikra ni kumtwisha lawama juu ya hasara. Vipo vichache vyenye maarifa ya kweli juu ya kupanga matumizi au kutafuta kazi, na hivyo visomwe kama vitabu vya ufundi, kalamu ikiwa mkononi, wakati wa mchana.

Nisieleweke vibaya kwamba kila kitabu cha kujisaidia ni cha kutupwa. Nchini Uingereza, tangu mwaka 2013, maktaba za umma zimekuwa na mpango ambao daktari anaweza kumwelekeza mgonjwa mwenye wasiwasi au sonona kwenye orodha ya vitabu vilivyopitiwa na wataalamu, ambavyo mgonjwa huviazima bure. Tofauti ni kwamba vitabu hivyo vinamfundisha msomaji hatua ndogo za kufanya, navyo haviahidi utajiri.

Kupata kitabu, na kupata muda

Usinunue vitabu vingi ukiwa na dhiki. Rundo lisilosomwa ni deni jingine. Azima. Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam, iliyofunguliwa mwaka 1967, na maktaba za mikoa zilizo chini ya bodi moja nayo zina rafu za Kiswahili ambazo haziguswi sana nje ya msimu wa mitihani. Nairobi ina maktaba ya McMillan tangu mwaka 1931, na pia ina wauzaji wa kando ya barabara ambao wateja wao huwaita kwa utani "inama", kwa kuwa kitabu kimetandazwa chini na lazima uiname kukichagua. Vitabu teule vya miaka iliyopita hupatikana kwao kwa bei ndogo kuliko ya chakula cha mchana, kwa sababu tu havitahiniwi tena.

Chagua kitabu chepesi cha kubebeka. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia Marekani ilichapa zaidi ya nakala milioni 120 za vitabu kwa ajili ya askari wake, vikiwa vidogo vya kuingia mfukoni, na waliovipanga walifahamu kwamba askari angesoma pale tu alipopata nafasi: melini, hospitalini, akisubiri amri. Maisha ya anayeuguza au anayehangaikia kazi yana nafasi za aina hiyo hiyo, kwenye foleni ya malipo ya hospitali, ndani ya daladala iliyokwama, nje ya ofisi ya mtu aliyesema "ngoja kidogo". Kitabu kizito kinachobaki nyumbani hakitakuwepo saa hizo.

Simu inaweza kutumika, lakini kwa sharti: ondoa intaneti kabla ya kufungua kitabu, kwa sababu ujumbe mmoja wa anayedai fedha zake utafuta kurasa zote ulizosoma. Usiku, ikiwa una tabia ya kuamka saa nane na kushindwa kurudi usingizini, weka kitabu cha karatasi na taa ndogo karibu na kitanda, na simu iwe chumba kingine.

Pamoja na kitabu weka daftari la bei rahisi. Usijilazimishe kuandika mawazo yako. Nakili tu, kwa mkono, mshororo au sentensi iliyokugusa, na uandike tarehe pembeni. Kunakili kunamlazimisha mtu aende kwa mwendo wa kalamu. Baada ya miezi michache daftari hilo huwa kitabu chako cha kurudia, kilichochaguliwa na mtu anayekujua vizuri kuliko mchapishaji yeyote.

Mahali ambapo kitabu hakifiki

Ikiwa kwa wiki mbili mfululizo au zaidi umepoteza hamu ya kila kitu, usingizi na chakula vimeharibika, au umeanza kufikiria kujidhuru, usitafute kitabu kingine. Nenda kituo cha afya au hospitali ya wilaya na useme hivyo kwa maneno hayohayo, ukifuatana na mtu unayemwamini kama kwenda peke yako ni kugumu. Wazo la kujidhuru halingoji wiki mbili, linapelekwa siku hiyohiyo. Sonona ni maradhi yenye matibabu. Waganga wa afya ya akili wapo katika hospitali kubwa za nchi zetu, na hakuna anayetarajia mwenye malaria apone kwa kusoma. Kitabu kitaweza kurudi baadaye, kama mwenzi wa dawa na mazungumzo.

Kumpa mwingine

Mara kwa mara atakayekuwa na shida si wewe, na utatamani kumpelekea kitabu. Kwa mfiwa, subiri. Siku za matanga ni za watu, chakula na mikeka. Nyumba inapobaki tupu, baada ya arobaini au wakati wageni wa mwisho wamepanda basi, ndipo kitabu kina nafasi. Mpe kimoja, ambacho umekisoma mwenyewe, na usikifunge kwa karatasi za zawadi. Weka kipande cha karatasi kwenye ukurasa unaodhani utamfaa, bila maelezo, na ukiwa umepigia mstari maneno fulani zamani, yaache yalivyo. Mwambie wazi kwamba si lazima akisome wala akirudishe. Kisha, na hapa ndipo wengi wetu hukosea kwa nia njema, usimwulize amefika wapi. Ukimtembelea ukakikuta juu ya meza kikiwa hakijaguswa, zungumzia mambo mengine.